Nilivyofika mwaka wa tatu chuoni bila kujua kazi ninayoitaka

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiulizwa na shangazi yake "ukimaliza utafanya kazi gani?" akakosa jibu, huonekana mzembe au mtu asiyejua alichofuata chuoni. Mimi nilikosa jibu hilo kwa muda mrefu, na katika hosteli tuliyoishi wengi tulikuwa hivyo, wakiwamo waliokuwa na GPA kubwa kuliko yangu. Leo nina kazi ninayoipenda, nimeifikia kwa kuzunguka sana, na ningependa aliye nyuma yangu asizunguke kiasi hicho. Ninaloliamini baada ya kuyapitia ni kwamba tunafika chuoni tukijua majina ya kazi ilhali kazi zenyewe hatujawahi kuziona zikifanywa, na kwamba tangu kidato cha nne alama, fomu na mkopo vimekuwa vikituchagulia. Mtu ambaye hajawahi kuchagua lolote tangu utotoni hawezi kugeuka mchaguzi hodari kwa sababu tu amefika mwaka wa tatu.

Uchaguzi wa kwanza mkubwa wa kazi kwa Mtanzania aliyesoma haufanyiki chuoni. Unafanyika kidato cha nne, mwanafunzi anapojaza selform, yaani fomu ya machaguo, na kuandika tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu) anazozitaka kidato cha tano. Nilipojaza yangu mwaka 2015, katika shule ya kata mkoani Singida, nilikuwa na miaka 17, na mjadala wote darasani ulihusu nani ana uwezo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), na nani aende HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Kemia na Baiolojia ndiyo masomo niliyoyafanya vizuri kuliko mengine, kwa hiyo mwalimu wa taaluma, mama na hata majirani waliafikiana kwamba mimi ni wa PCB, na wa PCB ni daktari. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuona daktari anavyoshinda kazini tangu asubuhi hadi jioni, wala mimi sikulifikiria hilo. Madaktari wote niliokuwa nimekutana nao niliwaona kwa dakika chache, nilipompeleka bibi kliniki ya presha.

Fomu hiyo ina uzito mkubwa kuliko unavyoonekana siku ya kuijaza. Anayekwenda PCB husoma BAM, yaani hisabati ya msingi, badala ya hisabati ya juu, na hivyo milango mingi ya uhandisi hujifunga nyuma yake kimyakimya. Anayekwenda HGL hawezi kurudi kuomba famasia. Haya yote yameandikwa wazi katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kila mwaka, lakini mwongozo huo huwa tunaufungua kwa mara ya kwanza tukiwa tumemaliza kidato cha sita, wakati tahasusi imekwisha kuamua nusu ya mambo. Mwenye mdogo wake kidato cha nne na amfungulie mwongozo huo sasa, waangalie pamoja kila tahasusi inaelekea kwenye programu zipi, na wasiishie kwenye zile mbili tatu zinazotajwa na kila mtu. Nilipoupitia kwa makini, nikiwa nimeshachelewa, nilikuta orodha ndefu ya programu ambazo mtu wa PCB angeweza kuomba na ambazo sikuwahi kusikia mtu yeyote akizitaja: sayansi ya chakula, misitu, ufugaji wa samaki, afya ya mazingira, maabara. Mwaka 2024 Serikali ilipanua tahasusi hadi kufikia 65, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Nimefurahi kwamba mlango umepanuliwa, ingawa mtoto asiyejua kilichoko nyuma ya milango michache atapata tabu zaidi mbele ya milango mingi.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwaka 2018 nilipata daraja la pili, pointi 10: C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Niliomba udaktari katika awamu ya kwanza ya udahili nikakosa, kwa kuwa kufikia sifa za chini ni jambo moja na kushindana na wenye A na B kwa nafasi chache ni jambo jingine. Nyumbani tulikaa kama watu waliofiwa. Namkumbuka mama akizima redio kila taarifa ya habari ilipoanza, asije akasikia habari za vyuo. Kisha awamu ya pili ikafunguliwa, ikiwa na siku chache tu za kuamua, na hapo ndipo mkopo ulipoingia katika hesabu.

Nataka niliseme jambo la mkopo kwa kirefu, kwa sababu watu wanaoandika kuhusu kuchagua kazi hulipita haraka, wakati kwa familia kama yangu ndilo linaloamua. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama anayelima alizeti na kuuza mboga sokoni. Bila Bodi ya Mikopo nisingekanyaga chuo, na Bodi huwa na vipaumbele vyake, ambapo ualimu wa sayansi na hisabati ulikuwa miongoni mwa programu zilizopewa nafasi ya mbele. Baba mdogo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinipigia simu usiku akasema, "Mwanangu, chukua ualimu wa sayansi. Mkopo utapata, na ajira ya Serikali haikukosi." Alisema kwa upendo, na kwa mtu wa umri wake alisema kweli. Kizazi chake walimu walitoka chuoni wakapangiwa vituo. Lakini mwaka 2016 ajira za Serikali zilisimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti, na tangu hapo nafasi za ualimu zimekuwa zikitangazwa kwa idadi maalumu na kuombwa na umati wa wahitimu wa miaka mingi. Ushauri wa wazazi wetu mara nyingi ni sahihi kwa mwaka walioajiriwa wao. Ni lazima kumsikiliza mzazi kwa heshima, kisha kumtafuta mtu aliyeajiriwa miaka miwili au mitatu iliyopita katika fani hiyohiyo na kumuuliza aliingiaje.

Nikathibitisha udahili wa shahada ya sayansi na elimu, Kemia na Baiolojia. Mkopo ulikuja: ada, vitabu, na fedha ya chakula na malazi ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Boom, kama tunavyoiita fedha hiyo ya kujikimu, la siku 60 lilikuwa 510,000, na kila lilipoingia sehemu yake ilikwenda Singida kwa ajili ya michango na sare za wadogo zangu. Naeleza haya ili ieleweke kwa nini mwanafunzi anayejisikia yuko kwenye programu isiyomfaa hanyanyuki tu na kuhama. Mkopo umefungamana na programu, dirisha la uhamisho ni fupi na huwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kabla hata mtu hajajua masomo yenyewe yanafananaje, na nyumbani kuna watu wanaokula kutokana na boom hilo. Anayefikiria kuhama aende mapema kwa afisa mikopo wa chuo chake, apate kwa maandishi kitakachotokea kwa mkopo wake kabla hajajaza fomu yoyote ya uhamisho.

Mwaka wa kwanza na wa pili vilipita kwa mihadhara ya saikolojia ya elimu, mitaala, kemia ogani na vipindi vya maabara. Nilifaulu bila sapu, yaani bila kurudia mtihani. Chuo kinakupa masomo, unayasoma, unafanya mtihani, unaendelea, na kwa kuwa unafaulu unajiona uko njiani kuelekea mahali fulani. Kilichonitikisa ni TP, mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule ya sekondari ya kata yenye kidato cha pili cha wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Niliandaa azimio la kazi na andalio la somo kama tulivyofundishwa, nikaingia darasani, na kila siku nilitoka nikiwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Wanafunzi hawakuwa wakorofi, na walimu wenyeji walinipokea vizuri. Nilikuwa nafundisha kwa bidii huku moyo ukiwa haupo, na hilo lilinitia hofu, kwa kuwa miaka miwili ya mkopo ilikwisha kwenda.

Katika shule hiyohiyo kulikuwa na chumba cha maabara ambacho hakikuwa na fundi sanifu. Kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani wa vitendo wa Kemia, na mwalimu wa somo akaniomba nimsaidie kuandaa miyeyusho. Nilibaki mle baada ya masomo, nikapima haidroksidi ya sodiamu kwenye mizani ya zamani, nikaosha bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo, zilizokuwa na utando, nikajaza, nikaweka matone ya kile kiashiria tunachokiita POP kwenye chupa yenye tindikali na kuanza kudondosha tone baada ya tone, huku nikitikisa chupa kwa mkono mwingine, mpaka rangi ya waridi hafifu ilipotokea na kukataa kupotea. Nikarudia, na majibu yakakaribiana kwa sehemu ya kumi ya mililita. Nilipoinua kichwa giza lilikuwa limeingia. Yule mwalimu alikuja kufunga chumba akaniambia, "Mwalimu, wewe hapa ndipo kwako. Darasani unakwenda kwa sababu umepangiwa." Aliniambia bila kunibeza, na ni mtu wa kwanza katika maisha yangu yote ya shule aliyenitazama nikifanya kazi na kuniambia alichokiona.

Hapo nikaanza kuelewa. Mpaka siku ile nilikuwa nikijiuliza nataka kuwa nani, na swali hilo lina majibu machache yanayojulikana na watu wote: daktari, mhandisi, mwanasheria, mhasibu, mwalimu. Nilipoanza kujiuliza ni kazi gani ya mikono na akili ninayoweza kuifanya mpaka giza likaingia bila kuhisi, jibu nilikuwa nalo, ila sikujua kazi hiyo inaitwaje wala inapatikana wapi nje ya shule. Chuoni palikuwa na mshauri wa wanafunzi, mtu mwema, lakini alihudumia maelfu na muda wake mwingi ulikwenda kwa wenye matatizo ya ada na ugonjwa. Wahadhiri wetu walijua kemia kwa kina. Wachache walikuwa wamewahi kufanya kazi kiwandani.

Niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa anasoma sheria, na mambo yake yalinifundisha upande mwingine. Aliingia akiamini kwamba akimaliza shahada ni wakili. Alikuwa mwaka wa tatu alipoelewa kwamba baada ya miaka yote hiyo anatakiwa kupita Shule ya Sheria ya Tanzania, kulipa ada nyingine, na kufaulu mitihani yake, ndipo aapishwe. Oktoba 2022, matokeo ya Shule hiyo yalipozua mjadala nchi nzima, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, alinipigia simu akilia. Yeye mwenyewe hakuwa katika kundi hilo. Alilia kwa sababu mtaji wa kuingia huko alikuwa bado anautafuta. Kila fani ina ngazi zake baada ya shahada. Daktari anafanya mwaka wa mafunzo ya utarajali, mhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ili awe CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa, mhandisi ana mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Gharama na miaka hiyo iingizwe kwenye hesabu siku ile ya kuomba chuo, na mzazi aelezwe mapema, maana mzazi wa wengi wetu anajua kwamba akimaliza kulipa miaka mitatu au minne kazi yake imekwisha.

Nikiwa mwaka wa tatu nilirudi Singida wakati wa likizo. Mama alikuwa amevuna alizeti, nami nikamsindikiza kupeleka magunia kwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Wakati tunasubiri mizani nikaona kupitia dirisha chumba kidogo chenye bureti ukutani. Nilitazama bureti ile kwa mshangao ambao siwezi kuueleza vizuri. Nikaenda mlangoni, nikamwamkia mzee aliyekuwa ndani, nikamweleza kuwa nasoma Kemia chuoni, nikamwomba nikae pembeni niangalie. Alinipa kiti. Alipima unyevu wa mbegu zilizoingia, kisha akachukua mafuta kiasi, akayapima uzito, akayayeyusha kwenye alikoholi iliyopashwa moto, akaweka POP, akaanza kudondosha haidroksidi ya sodiamu. Alikuwa anatafuta kiwango cha tindikali ndani ya mafuta, ambacho kikizidi mafuta hayafai kwenda sokoni kabla ya kusafishwa. Lilikuwa zoezi lile lile la kidato cha sita, na hapa majibu yake yalikuwa yanaamua kama mzigo wa siku unatoka au unabaki.

Nilimuuliza maswali mengi, na yaliyonisaidia yalikuwa ya kawaida kabisa. Jana ulifanya nini tangu ulipofika mpaka ulipotoka? Ni sehemu gani ya kazi hii inayokuchosha? Mashine zikisimama msimu ukiisha, unaishije? Wewe uliingiaje hapa? Kwa maswali hayo nilijua mengi kuhusu kazi moja kuliko niliyoyajua kuhusu udaktari kwa miaka yote niliyousemea. Nilijua kwamba kuna miezi ya kushinda usiku na miezi ya ukimya, kwamba harufu ya mafuta haitoki nguoni, kwamba ugomvi na wasimamizi wa uzalishaji wanaotaka mzigo utoke hauepukiki. Na bado niliitaka.

Kutoka kuitaka mpaka kuipata kulikuwa kugumu, na sipendi mtu adhani kulikuwa rahisi. Nilihitimu mwaka 2021. Mwezi Mei mwaka huo Serikali ilitangaza nafasi za ualimu, zikaombwa na makumi ya maelfu ya wahitimu wa miaka ya nyuma, na kwetu tuliokuwa tunamaliza ilikuwa dalili ya foleni inayotusubiri. Viwanda nilivyoviandikia vilitaka mwenye shahada ya kemia tupu, kwa hoja kwamba sisi wa elimu tumesoma kozi chache za kemia, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Nikafundisha katika shule binafsi kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingine zilichelewa, na siku za Jumamosi nikaenda kujitolea kwa yule mzee. Kujitolea kuna gharama zake: nauli, chakula, na maneno ya watu. Mama, ambaye kwa miaka mitatu alijitambulisha sokoni kama mama mwalimu, aliniuliza kwa uchungu, "Mwalimu gani asiye na shule?" Nilimchukua siku moja akaja kuona ninachokifanya. Aliposikia mafuta ya alizeti yake mwenyewe yanapimwa na mwanawe, aliacha kuuliza, ingawa sidhani kama aliridhika siku hiyohiyo. Msimu uliofuata nilipewa mkataba wa udhibiti ubora, kwa mshahara wa kuanzia ulio chini ya ule wa mwalimu wa Serikali mwenye shahada, na asilimia 15 ya mshahara huo inakatwa kurejesha mkopo unaozidi milioni 9.

Wanaonifuata chuoni huniuliza kama miaka ya ualimu ilipotea. Andalio la somo lilinifundisha kueleza jambo gumu kwa mtu asiyelijua, na ndivyo ninavyowafundisha vibarua wapya kwa nini mbegu mbichi zinaharibu mafuta. Kilichopotea ni muda ambao ningeweza kuwa nimeziona kazi za watu na sikuziona, kwa kuwa nilidhani kuchagua kazi ni jambo la kukaa chumbani na kufikiri sana.

Kwa hiyo anayesoma sasa asisubiri field ya chuo, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ndiyo imfunulie mambo, hasa akijua kwamba ofisi nyingi humpa mwanafunzi wa field kazi ya kutoa nakala na kupanga mafaili. Atumie likizo. Aende mahali kazi inapofanyika, ajitambulishe kwa adabu, aombe siku mbili tatu za kukaa na kutazama, na asiombe fedha wala nafasi. Wengi hukubali, kwa kuwa ni wachache wanaowahi kuulizwa kuhusu kazi zao. Na field yenyewe, kwa wale ambao chuo kinawaruhusu kujitafutia nafasi, iombwe mahali unapotaka kupajua, hata kama ni mbali na nyumbani, huku ukitenga sehemu ya boom mapema kwa ajili ya chumba na nauli. Barua ya utambulisho ichukuliwe chuoni mara inapoanza kutolewa na ipelekwe kwa mkono, kwa mtu anayesimamia kitengo unachokitaka, kwa sababu barua zinazoachwa mapokezi mara nyingi hupangiwa idara yoyote yenye upungufu wa watu.